Mifuko Chini ya Macho Yangu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, watu wamekuwa wakinipa pole. Nikiingia benki, dada wa dirishani ananiambia pole. Nikienda buchani, muuza nyama ananichagulia kipande kizuri na kuniuliza mgonjwa anaendeleaje. Zamani nilikuwa namuuliza, mgonjwa gani? Baadaye nikazoea kujibu kwamba tunamshukuru Mungu, nachukua nyama yangu naondoka, kwa sababu kile kipande kweli kilikuwa kizuri.

Chanzo cha yote kilikuwa macho. Chini ya kila jicho nilikuwa na mfuko wa ngozi uliojaa na kuning'inia, kama vile nimelia wiki nzima na bado sijamaliza. Ni urithi wa marehemu baba, ila kwake mifuko ile ilikuwa na kazi. Alikuwa mwinjilisti huko kwetu Mvumi, na alipoongoza mazishi wafiwa walimtazama usoni wakaona analia pamoja nao. Mimi ni afisa mipango katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Uso wa namna ile ulinisaidia mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kutetea bajeti.

Ningeishi nao hivyo hivyo mpaka kustaafu kama si sendofu, sherehe ya kumuaga binti yetu wa kwanza kabla ya harusi. Siku ile nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu. Nilicheza muziki ambao mke wangu alikuwa amenikataza kuucheza mbele za watu. Nilitoa hotuba, watu wakacheka, wakapiga makofi. Halafu picha zikatoka. Niko katikati, suti ya kijivu, kipaza sauti mkononi, na uso wa mtu anayesoma wasifu wa marehemu. Kwenye kundi la WhatsApp la familia shangazi yangu akauliza, "Baba mtu aliumwa?" Mdogo wangu anayelima Kibakwe hakuuliza kitu. Alituma tu ile alama ya mikono inayoomba.

Haikupita muda mrefu, mshenga wa upande wa mwanaume akaja nyumbani. Alikuwa mzee wa makamo, kaunda suti imepigwa pasi vizuri, na alikunywa chai yote kabla hajasema neno.

"Mzee mwenzangu," alisema, "wazee kule wamenituma neno dogo. Wameziangalia picha. Wanauliza kama kuna jambo halikukaa sawa upande wenu."

"Jambo gani?"

"Ndilo nimekuja kuuliza. Maana baba wa binti hakuonekana kuridhia."

Mke wangu aliinuka akaenda jikoni. Nilimsikia anacheka kule huku akijifanya anakohoa. Mimi nikabaki namweleza mshenga kwamba nimeridhia kabisa, kwamba kijana wao nampenda, kwamba huu ndio uso wangu nilioumbwa nao. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunitazama kwa huruma. Nadhani aliporudi kwao alipeleka taarifa kwamba tatizo lipo, na ni kubwa kuliko walivyodhani.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kioo. Nilikuwa najifungia bafuni, naivuta ngozi ya mashavu kuelekea masikioni, nauona uso wa kijana mmoja niliyemfahamu zamani, halafu naachia vidole na yule kijana anaondoka. Nilisoma kwenye simu kwamba tango linasaidia. Nikalala na vipande vya tango machoni. Mke wangu alivikuta shukani asubuhi, akaniuliza kama siku hizi nakula kachumbari kitandani. Nikajaribu majani ya chai yaliyolowekwa, nikaenda kanisani na madoa ya kahawia chini ya macho, na mama mchungaji akanishika mkono kwa muda mrefu sana.

Ofisini kwetu kuna dada mmoja wa masjala ambaye anajua mahali pa kupata kila kitu, kuanzia kuku wa kienyeji hadi nyumba ya kupanga. Siku moja alinifuata, akafunga mlango.

"Shikamoo mzee. Naomba usikasirike. Hayo ya machoni siku hizi yanatolewa. Nina mtu."

Nilipaswa kukasirika. Badala yake nikachukua kalamu nikaomba anielekeze.

Mtu mwenyewe alikuwa kwenye nyumba moja nyuma ya soko, mlangoni pamechorwa uso wa mwanamke anayetabasamu. Ndani ilikuwa saluni. Alinipokea kijana mwenye koti jeupe la daktari, na miguuni alivaa kandambili. Akaniambia kuna sindano ya kuyeyusha mafuta, unachomwa leo, kesho unakuwa mtu mwingine. Hakuniuliza ninaumwa nini, natumia dawa gani, nina umri gani. Aliuliza kama angeweza kunipiga picha ya "kabla". Nikakubali. Kisha akanilaza kwenye kile kiti cha kuoshea nywele, shingo yangu ikakaa kwenye sinki.

Nataka nieleweke vizuri hapa. Mimi ni mtu ambaye ofisini naurudisha mradi wa kisima kama haujaambatanishwa na upembuzi yakinifu. Nimewahi kuwaandikia watu wazima barua ya kuwauliza kwa nini hawakufikiria kama pampu itaharibika. Na pale nilikuwa nimelala, shingo kwenye sinki, namsubiri mtu wa kandambili anichome sindano karibu na jicho, na swali pekee lililokuwa kichwani mwangu ni kama nitapona kabla ya kikao cha Ijumaa.

Nikamsikia anamwambia mwenzake, "Hebu irudishe nyuma kidogo, pale anapochoma."

Sikushtuka hata kwa hilo. Kilichoniinua ni bomba la sinki, lililokuwa linadondosha maji baridi ndani ya kola yangu. Nilipokaa ili nijifute, nikaiona simu waliyokuwa wameiinamia wote wawili. Ilikuwa video. Aliyekuwa anachomwa sindano kwenye video ile alikuwa mdoli wa plastiki.

"Samahani," nikasema, "nadhani gari langu nimeliegesha vibaya."

Nilikuwa nimekwenda kwa miguu. Nilitoka nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, na dereva alipouliza tunakwenda wapi nikamwambia aanze kwanza kwenda.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliona aibu kwa muda, halafu nikajiambia kwamba kosa lilikuwa la mahali, si la wazo. Nikaulizia kwa watu wa afya, nikaambiwa yupo daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile katika hospitali moja kubwa hapa mjini. Nikaenda.

Sikuwa nimefikiria nitakaa na nani kwenye benchi. Kulikuwa na mtoto aliyeungua kifua kwa uji wa moto, mkono umegandana na mbavu. Kulikuwa na mama amembeba mtoto mchanga mwenye mdomo uliopasuka hadi puani, anamlisha maziwa kwa kijiko, taratibu, kila tone. Alikuwa ametoka mbali, nguo zina vumbi la safari. Aliponiona nimekaa kimya akaniuliza, "Na wewe mzee unasumbuliwa na nini?"

"Macho," nikasema.

"Pole sana," akasema, na akasogea ili nikae vizuri.

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshainuka nusu pale muuguzi aliposoma jina langu.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mpole, asiye na haraka. Nilimweleza habari za mshenga. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Tuseme nimeitoa mifuko yote, na imepona vizuri," alisema. "Jumatatu asubuhi unarudi kazini. Unataka nini kiwe tofauti?"

"Watu waache kunipa pole."

"Na wakiendelea?"

Nikaigusa mifuko kwa kidole. Alisubiri kidogo, kisha akaendelea na maswali mengine. Nikakiri vidonge vya presha. Akauliza kama kuna dawa nyingine yoyote, hata ya asili. Nikasema hapana. Tumbaku? Nikasema sivuti. Akaandika, akaniangalia, halafu akasema nije tena siku nyingine pamoja na mtu ninayeishi naye.

Hapo ndipo ilipobidi nimwambie mke wangu. Nilichagua jioni moja tukiwa tunakula. Nilieleza yote, isipokuwa sinki. Alimenya ndizi, akaiweka chini bila kuila.

"Umepata mtu?" akauliza.

"Mtu gani tena? Ni kwa sababu ya zile picha."

Hakuniamini mara moja, na kwa siku kadhaa maongezi ya nyumbani yakawa ya chumvi na ya maji tu. Kisha siku moja, akiwa ananifunga kifungo cha mkono wa shati, akasema, "Unataka kuwa kijana peke yako? Mimi niendelee kuzeeka na nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nimeuhesabu uso ule kuwa mali yangu binafsi, kumbe kuna mtu amekuwa akiutazama kila asubuhi na kuupimia wake. Nikamwambia sitaki ujana, nataka tu kufurahi na watu waone nimefurahi. Akafikiri. Akasema atanisindikiza, lakini akiulizwa kitu atasema kweli.

Na alisema. Daktari alipouliza tena habari za dawa, mke wangu akaanza: vidonge vya kitunguu saumu anavyouziwa na mwenzake ofisini, kila siku asubuhi na jioni. Unga wa mizizi kwenye uji, kwa ajili ya nguvu. Ugoro.

"Ulisema hutumii tumbaku," daktari akaniambia.

"Nilisema sivuti," nikajibu. "Huo nanusa."

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba vitunguu saumu vile, na huenda hata ule unga, vinaweza kufanya damu isigande vizuri, na damu ikivuja ikajikusanya nyuma ya jicho inaweza kukuondolea uwezo wa kuona. Tumbaku inachelewesha kidonda kupona. Presha isipotulia, upasuaji haufanyiki. Akaendelea: kope ya chini inaweza kuvutwa ikabaki wazi kidogo, jicho likakauka. Upande mmoja unaweza usifanane na mwingine. Mifuko kama hii wakati mwingine ni dalili ya figo au tezi ya shingoni, kwa hiyo nipime kwanza. Na inawezekana kila kitu kikaenda vizuri kabisa, na hakuna mtu atakayegundua.

Mke wangu alinitazama. Mpaka dakika ile nilikuwa najiona nakwenda kupunguza ngozi, kama fundi anayepunguza suruali. Sikuwa nimekumbuka kwamba pale kuna jicho.

"Sitafanya miezi hii ya upepo na vumbi," daktari alimalizia. "Subiri mvua zianze. Nenda ukafikirie. Ukibadili mawazo, hutakuwa umenikosea."

Nilisubiri. Ugoro niliuacha kwa shida, na kwa mwezi mzima nilikuwa mkali kwa kila mtu mpaka paka akahamia kwa jirani. Majibu ya vipimo yakaja mazuri. Kuna wiki zilipita bila kuyafikiria macho kabisa, na nilianza kujiona nimepona bila kupasuliwa. Ndipo asubuhi moja mlinzi wa getini kwetu ofisini akanifungulia bila kukagua kitambulisho, akasema kwa sauti ya chini, "Wahi mzee, wenzako wameshatangulia msibani." Kulikuwa na msiba wa idara nyingine, wa mtu nisiyemfahamu. Mvua zilipoanza nikampigia daktari.

Siku yenyewe walinichoma ganzi, wakanipa na dawa ya kutuliza, lakini sikulala. Nilikuwa nasikia. Nilisikia mikasi midogo ikifanya kazi karibu sana na mahali ninapoonea, na nikasikia daktari na muuguzi wakizungumzia zabibu, kwamba za mwaka huu ni chachu, na za upande wa Zuzu ni afadhali. Nilitaka kuchangia, lakini nikaona si vyema kumshughulisha mtu mwenye mkasi.

Nyumbani nilivimba. Macho yalibaki nyufa mbili, mashavu yakawa meusi yenye kung'aa. Mke wangu alinilaza kwa mito mingi, akaniwekea vitambaa vya baridi, na kila mara aliniuliza kama ninaona, kama kuna maumivu makali, kama alivyoagizwa. Siku nilipojiangalia kioo mara ya kwanza nililia kweli, na machozi yakachoma kwenye nyuzi. Ile ilikuwa mara ya kwanza uso wangu na moyo wangu kusema kitu kimoja.

Nyuzi zilitolewa, daktari akaridhika, lakini weusi na uvimbe vikabaki. Likizo nayo ilikuwa bado haijaisha. Na majirani walikuwa wameanza kupita na mabakuli ya mboga ili waone. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa nitasema nini. Basi nikaamua kwenda kujificha kwa mama, Mvumi, ambako hakuna mtu wa ofisini kwetu anayefika.

Mama anakaribia miaka themanini. Paji la uso wake lina ile alama ya duara ya wasichana wa Kigogo wa zamani, na masikio yake yalitobolewa na kuvutwa tangu utotoni mpaka ndewe zikawa ndefu. La kulia bado ni kitanzi kizima kinachogusa karibu na shingo. La kushoto lilikatika zamani, kamba ya mzigo wa kuni iliponasa, na sasa linaning'inia vipande viwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nani kakupiga?"

"Nyuki," nikasema. "Wa Kibakwe, shambani kwa mdogo wangu."

Lilinijia tu. Lakini Mvumi watu wanawajua nyuki, na habari ya mtu aliyeumwa na nyuki haikai ndani. Wakaanza kuja. "Mbukwenyi," wanasalimia mlangoni, wanaingia, wanakaa, wananitazama. Mmoja alileta mafuta ya kupaka. Mwingine aliuliza nyuki walikuwa wangapi, na mimi, ambaye mwanzoni nilisema watano, nikajikuta nimefika kundi zima. Mzee mmoja mfugaji wa nyuki aliuliza kwa nini hawakuniuma kichwani wala mikononi. Nikasema nilikuwa nimevaa kofia na glavu. Akauliza kwa nini nilivaa kofia na glavu kwenda kuangalia mahindi. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia ndani.

Siku zile mama alinipikia mlenda, akanipa ugali wa uwele, akaniangalia nikila. Asubuhi moja tulikuwa uani, yeye anapepeta uwele.

"Hao nyuki wako," akasema bila kuinua macho, "walikuwa na rula?"

"Mama?"

"Wamekuuma kwa mstari. Jicho hili na hili, sawasawa."

Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata sinki. Aliendelea kupepeta.

"Wewe mwenyewe ulikwenda wakukate?"

"Ndiyo mama."

"Ulipiga kelele?"

"Walinichoma ganzi. Sikusikia maumivu."

"Aa," alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba mchezaji alibebwa hadi golini. Kisha akanieleza habari ambazo sikuwahi kuzisikia. Kwamba hakuna aliyemlazimisha. Wenzake wote walikuwa wameshatobolewa, yeye bado ana masikio ya mtoto, akamfuata mwenyewe mama aliyekuwa anafanya kazi ile. Dada yake alimshika kichwa. Ulitumika mwiba, halafu kijiti, halafu kijiti kikubwa zaidi, na sikio moja likaoza likatoa usaha kwa muda, na alilia, lakini akakataa kukitoa. "Nilikuwa nakwenda kisimani naringa," alisema. "Watu wananiangalia."

Nilidhani sasa anakuja kwenye mawaidha. Nikajiweka tayari.

"Huyo daktari wako," akasema, "anashona masikio?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza."

"Mama, kwa umri huu?"

Aliinua macho akaniangalia, macho yangu mabichi yenye mstari, muda wa kutosha mpaka nikainamisha uso kwenye ungo. Nikasema nitamuuliza.

Nilirudi kazini uvimbe umekwisha, na miezi michache baadaye mifuko ilikuwa haipo kabisa. Daktari alifurahi. Mke wangu alisema nafanana na kaka yangu mkubwa, nami sina kaka mkubwa. Watu wengine waliniambia nimepungua, nipime sukari. Mkuu wangu wa idara aliniita akauliza kwa upole kama nina kinyongo na mtu, kwa kuwa siku hizi naonekana mkali. Vijana wa mafunzo kwa vitendo, waliokuwa wakinichekea na kuchelewa, wakaanza kuwahi.

Mtu mmoja tu alijua pa kuangalia, yule dada wa masjala.

"Si nilikuambia mzee?" alisema, amefurahi kweli. "Yule kijana ni fundi. Nimeshamwelekeza na dada yangu, anakwenda Jumamosi kutoa kidevu cha pili."

Hapo nilikuwa na kazi mbili, kulinda siri yangu au kulinda shingo ya dada yake. Ningependa kusema sikusita. Nilisita kwa urefu wa kikombe cha chai. Kisha nikamwita, nikafunga mlango, nikamweleza habari za sinki, za video na za mdoli, nikamweleza hospitali, nikamwonyesha na mstari. Alikaa chini. Alimpigia dada yake palepale, mbele yangu.

Hadi saa za chakula cha mchana jengo zima lilikuwa linajua. Nilitegemea kuchekwa, na nilichekwa. Ila wiki iliyofuata wakaanza kuja mmoja mmoja, watu wazima wenye vyeo, wanafunga mlango, wanauliza kwa kunong'ona. Mmoja tumbo. Mmoja upara. Mhasibu mmoja alivua kofia yake ya kufuma akanionyesha uvimbe ambao sikuwahi kujua kama anao. Nami nikawa nawauliza, kwa sauti ya kitaalamu, ikifika Jumatatu wanataka nini kiwe tofauti, wanatumia dawa gani, na kama nyumbani wamesema. Karibu wote nyumbani walikuwa hawajasema.

Mama nilimpeleka mwenyewe. Alivaa gauni lake la kanisani. Kwenye benchi aliwasalimia watu wote kwa kuwashika mkono, na tulipoitwa alikuwa ameshapewa mtoto wa mtu ampakate.

"Bibi, shikamoo," daktari alisema. "Nini kinakusumbua?"

"Marahaba. Sikio."

"Kwa nini unataka lishonwe?"

"Linanasa," mama alisema. "Nikivua gauni linanasa. Nikilala linabanwa. Nikichana nywele linaingia kwenye kitana."

Daktari aliniangalia kidogo, halafu akarudi kwa mama. Alieleza kwamba masikio ni mahali ambapo baadhi ya watu huota makovu yanayovimba kuliko kidonda chenyewe, na kwamba angependa kuona jinsi ngozi yake inavyopona. Akamwomba ruhusa, akaipitisha ncha ya kidole kwenye ile alama ya paji la uso. Ilikuwa laini, imelala sawa na ngozi.

"Kovu hili lilipona vizuri sana," alisema.

"Lilifanywa na mtu anayejua," mama akajibu.

Akapimwa presha, na ilikuwa nzuri kuliko yangu. Akaulizwa dawa, akazitaja zote, pamoja na ugoro, na akasema wamwambie auache kwa muda gani, ataacha. Mwisho daktari akamuuliza kama angependa na la kulia lipunguzwe, ili yafanane.

Mama alilishika lile sikio zima, akalizungusha kidogo kwenye vidole.

"Hili halijanikosea kitu," alisema.

Wakashona la kushoto peke yake, kwa ganzi, na mimi nikaruhusiwa kusimama kichwani kwake. Nilimshika mkono. Alikuwa ametulia kuliko mimi. Ganzi ilipoingia akasema kumbe ndiyo hii, na akaanza kumhoji muuguzi ni mtoto wa nani na kwao wapi, mpaka daktari akamwomba asitingishe kichwa.

Nyuzi zilipotolewa, sikio lilikuwa dogo, la duara, la msichana. Lingine refu vilevile. Nilimuuliza kama hajali kutofanana, akasema anayetaka kuona yanayofanana amtazame mtu mwingine. Jumapili ya mwezi uliofuata nilikwenda Mvumi kumsalimia. Nilikuta bibi wawili wamekaa barazani kwake, vitenge vya kanisani, mikoba mapajani, masikio marefu yamefungwa vizuri nyuma ya vilemba. Niliwaamkia, wakaitikia, hawakuinuka.

"Hawa wanasubiri nini, mama?" nikauliza ndani kwa sauti ya chini.

"Gari," alisema. "Nimewaambia unarudi mjini leo."